Kufunga Kifungo Hujifunzwa kwa Kufunga Kifungo

Mzazi aliyekaa kwenye benchi la nje karibu saa nzima lazima atauliza mtoto wake amefanyiwa nini huko ndani. Mtoto naye akiulizwa, jibu lake ni lile lile: "Tumecheza." Hapo huona uso wa baba mtu ukibadilika. Ameomba ruhusa kazini, amembeba mtoto begani kutoka stendi, halafu anaambiwa mwanawe alikuwa akibandika vibanio vya nguo kwenye kamba na kutupa mipira kwenye ndoo. Tiba gani hiyo?

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na wagonjwa wangu ni watoto. (Neno "mgonjwa" silipendi, maana wengi wao hawaumwi, lakini kwenye faili ndivyo walivyoandikwa.) Nataka kueleza kile kinachoonekana kama mchezo. Nataka pia kusema jambo ambalo baadhi ya wenzangu halitawafurahisha: si kila tunachowafanyia watoto kina faida tunayoidai, na mzazi anayelipa kwa muda wake na nauli yake anastahili kuambiwa.

Watu hutuchanganya na wenzetu wa fiziotherapia, na siwalaumu, kwa sababu mara nyingi tunagawana chumba, mikeka na hata watoto. Kwa ufupi ni kwamba wao watahangaika zaidi na jinsi mtoto anavyokaa, anavyosimama na anavyotembea. Mimi nitauliza akishafika huko alikokwenda anafanya nini. Anakula? Anavaa? Anajisaidia mwenyewe? Anacheza na wenzake au anawatazama? Darasani anaandika au ameketi tu?

Fani yenyewe ina miaka mia na kidogo. Chama chake cha kwanza kiliundwa mwaka 1917 huko Clifton Springs, jimbo la New York, na kikundi cha watu wachache sana. Mmoja wao, George Barton, alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na baadaye akapooza upande mmoja wa mwili. Mwingine, Eleanor Clarke Slagle, alikuwa akiwafundisha wagonjwa wa akili kuirudia ratiba ya siku ya kawaida, kuanzia kuamka na kunawa hadi kufanya kazi. Waliamini kwamba mtu hujijenga upya kwa kufanya, si kwa kulala akifanyiwa. Nakumbusha historia hii kwa sababu katika safari ya miaka hiyo, sisi wa watoto tulipotea njia kidogo. Nitalifikia hilo.

Kwanza kifungo.

Chukua shati lolote lenye vifungo, ulivae, ufunge kimoja polepole. Mkono mmoja unaushika ukingo wa kitambaa na kuuvuta ili tundu likae wazi. Mwingine unakibana kifungo kwa ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, unakigeuza kipite kwa ubavu, unakisukuma. Halafu inakuja sehemu ambayo mtu mzima haikumbuki kabisa: mikono inabadilishana kazi. Ule uliokuwa umeshika kitambaa unaachia ili ukidake kifungo kinachochungulia upande wa pili, na ule uliokuwa ukisukuma unaachia ili ushike kitambaa. Mabadilishano yakichelewa kidogo tu, kifungo kinarudi kilikotoka. Na kama ni kifungo cha juu, yote haya yanafanyika chini ya kidevu, mahali ambapo macho hayafiki, kwa hiyo vidole vinajiongoza kwa kugusa tu. Ndiyo maana namwanzisha mtoto na kile cha tumboni, anachokiona.

Sasa nina watoto watatu ambao wote "hawajui kufunga vifungo". Ndivyo barua zao za rufaa zinavyosema.

Wa kwanza ana sindromu ya Down. Misuli yake ni legelevu na viungo vyake vinanyumbuka mno, hivyo kila anapobana kitu, kidole gumba kinapinda kwenda nyuma na nguvu inapotea. Aliletwa akiwa amekalishwa kwenye kiti cha watu wazima, miguu inaning'inia, na nguvu kidogo alizonazo zilikuwa zikitumika kuuzuia mwili usiteleze. Kabla ya kugusa kifungo nilimtafutia kiti kifupi, nyayo zikakaa sakafuni, mgongo ukatulia, na mikono ikapata nafasi ya kufanya kazi. Kisha kifungo kikubwa bapa chenye shingo ndefu ya uzi, kwenye tundu pana. Wa pili ana nguvu za kutosha kukata kifungo kikatoka na uzi wake, ila hana mpango: mikono yake yote miwili inasukuma kwa pamoja, hakuna wa kupokea. Yeye hahitaji kiti wala kifungo kikubwa. Anahitaji mtu wa kumwonyesha pale mikono inapopokezana, na arudie hapo hapo mpaka mikono izoee. Wa tatu anajua kufunga, na anajua vizuri. Anaacha katikati kwa sababu lebo ya kola inamkwaruza shingoni kiasi kwamba hawazi kingine. Tiba yake ilikuwa mkasi, na niliutumia mimi.

Haya ndiyo ninayoyafanya wakati mtoto "anacheza". Natazama. Mzazi huona vibanio vya nguo. Mimi naangalia kama kidole gumba kinasimama au kinajikunja, kama bega linapanda hadi sikioni, kama mkono wa pili unakuja kusaidia bila kuitwa, kama anashusha pumzi pale jambo linapokuwa gumu au analibana. Mtaalamu mzuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi alikuwa mama mmoja ambaye angeweza kukaa robo saa bila kusema neno. Wanafunzi walidhani amechoka.

Kwenye kufundisha chenyewe ipo mbinu moja nitakayoieleza kwa sababu yeyote anaweza kuitumia nyumbani kesho asubuhi. Wengi wetu humwacha mtoto aanze, akishindwa tunamalizia sisi, tena kwa haraka kwa sababu muda umekwenda. Kwa hiyo kila siku mtoto anaanza kwa juhudi na kuishia kwa kunyang'anywa. Sisi tunageuza. Namfungia hatua zote isipokuwa ya mwisho: kifungo kimeshapita nusu, yeye anakivuta tu. Amemaliza! Akiizoea hiyo, namwachia hatua mbili za mwisho, kisha tatu. Mwanzo ni wangu, mwisho ni wake, na mtoto anayemaliza kitu hutaka kukirudia. Inafaa kwa soksi, kwa zipu, kwa kunawa mikono, hata kwa kutandika kitanda. Ukiongeza kwamba kuvua ni rahisi kuliko kuvaa, basi ni heri kuanza na kuvua. Na kwa mtoto mwenye upande mmoja dhaifu, mkono dhaifu huingia kwanza kwenye shati na hutoka mwisho. Sheria hizi mbili ndogo zimeokoa asubuhi nyingi kuliko kifaa chochote cha bei kilichomo chumbani mwangu.

Turudi kwenye kupotea njia.

Miaka ya 1940 mjini London, Berta Bobath na mumewe Karel, ambaye alikuwa daktari, walibuni namna ya kumshika na kumwongoza mtoto mwenye mtindio wa ubongo ili misuli iliyokaza ilegee na mijongeo isiyotakiwa izuiwe. Baadaye kidogo, huko Marekani, A. Jean Ayres, mtu wa fani yangu aliyesomea pia saikolojia, alileta nadharia kwamba baadhi ya watoto wanapata shida ya kujifunza kwa sababu ubongo wao hauunganishi vizuri habari za hisi. Hakuwa akizungumzia macho na masikio pekee. Aliipa uzito hisi ya mguso, hisi ya mizani iliyo ndani ya sikio, na ile hisi ya misuli na viungo inayotuambia mkono uko wapi hata gizani. Kwake ndiko zilikotoka bembea zinazoning'inia darini kwenye vyumba vyetu, na vibao vya magurudumu ambavyo mtoto hulala kifudifudi akijisukuma.

Njia hizi mbili hazifanani, ila zina dhana moja ya pamoja: tengeneza kilicho chini, na kilicho juu kitajitokeza chenyewe. Legeza misuli, mkono utashika kijiko. Lisha hisi, mwandiko utanyooka. Ndivyo nilivyofundishwa, na ni dhana tamu, kwa sababu inamwahidi mzazi kwamba kuna mzizi mmoja na sisi tunajua ulipo.

Ushahidi haukuifuata. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwatahadharisha wanachama wake kwamba utafiti juu ya tiba za kuunganisha hisi ni mchache na haujafikia hitimisho, na kwamba wazazi waelezwe hivyo. Mwaka uliofuata Iona Novak na wenzake wa Australia walizipitia tiba zote zinazotolewa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, wakazipanga kwa rangi za taa za barabarani. Kwenye kijani zilikaa zile ambazo mtoto mwenyewe anafanya kitendo halisi chenye lengo, kwa kurudiarudia, ikiwezekana nyumbani kwake. Kushikwa na kuongozwa kwa mtindo wa akina Bobath, na kuunganisha hisi, kwa watoto hao, viliangukia upande wa visivyofaa. Yapo majadiliano marefu tangu hapo na wapo walionuna mpaka leo. Kwa watoto wenye usonji shauri bado halijakatika: Roseann Schaaf na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa watoto 32 ambapo waliopata tiba ya Ayres, ikifuatwa kwa ukamilifu wake, walipiga hatua zaidi kwenye malengo yao binafsi. Watoto 32 si wengi, lakini si bure.

Msimamo wangu ni huu. Ayres nilichobaki nacho ni macho yake. Kabla yake, mtoto aliyeziba masikio kengele ikilia, au aliyekataa nguo mpya kwa kilio, aliitwa mtukutu au aliyedekezwa. Yeye alitufundisha kuuliza kengele hiyo inasikikaje ndani ya kichwa chake. Jibu likishapatikana, mara nyingi kinachofaa kubadilishwa ni mazingira: msogeze mbali na mlango, mpe nafasi ya kutoka dakika moja kabla ya wenzake, kata lebo. Fulana zenye uzito ambazo watoto huvalishwa ili watulie, mimi sijaona utafiti wa kunishawishi, na nimeacha kuziagiza. Bembea bado ninayo. Watoto wanabembea kwa sababu kubembea ni raha, na mtoto anayepita kwa matabibu kila wiki anastahili raha. Nisichofanya ni kuandika kwenye faili kwamba bembea inamtengenezea mwandiko.

Mwandiko unatengenezwa kwa kuandika. Kifungo kwa kufunga kifungo. Ukilisema hivyo linaonekana jambo la wazi mno, na pengine ndiyo sababu tulichelewa kulikubali. Hakuna anayetaka kusoma chuo miaka minne ili aambiwe hivyo.

Kwa kuwa nimegusa mwandiko, nimalizie lake hapa hapa. Walimu huniletea watoto kwa sababu ya jinsi wanavyoshika penseli. Upo mshiko unaosifiwa vitabuni, wa vidole vitatu, gumba na shahada vikiwa vimekutana ncha kwa ncha. Watafiti wa Kanada waliilinganisha mishiko minne iliyozoeleka kwa wanafunzi wa darasa la nne mwaka 2012, wakakuta haitofautiani kwa kasi wala kwa kusomeka. Kwa hiyo kama mtoto anaandika, anasomeka na mkono haumuumi, mwacheni na penseli yake.

Ugumu mkubwa wa kazi yangu uko kwenye kuamua ni kitendo kipi. Mtoto mwenye ulemavu ana mambo elfu asiyoyaweza, na kila mtu aliyemzunguka ana orodha yake. Wakanada, ambao inaonekana wameipenda sana kazi hii, walitoa mwaka 1991 kipimo ambacho nakitumia kila wiki: mtoto au mzazi anataja mwenyewe mambo yanayomshinda, anayapa uzito, kisha anajipa alama kati ya 1 na 10, mara moja kwa anavyoyafanya na mara ya pili kwa anavyoridhika nayo. Baada ya miezi tunaulizana tena. Ikipanda alama 2 au zaidi tunahesabu kuna jambo limetendeka. Kwa maneno mengine, mimi sijui lengo mpaka niambiwe.

Na nikiambiwa, mara nyingi ninaambiwa mawili tofauti. Mvulana mmoja wa miaka minane aliletwa na mama yake kwa ajili ya mwandiko. Mama alikuwa amekuja na madaftari, yamepangwa kwa tarehe. Nilipobaki na mtoto nikamuuliza kitu gani shuleni kinamsumbua kuliko vyote, akatazama mlango kwanza. Suruali. Hawezi kufunga suruali akitoka chooni, na aliwahi kumwomba mwenzake amsaidie, na mwenzake akawaambia wengine. Tangu siku hiyo alikuwa hanywi maji mpaka arudi nyumbani. Siku nzima, kwenye joto, hanywi maji. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kweli, hasa wa mchana, na sishangai.

Mama yake nilipomweleza, kwa ruhusa ya mtoto, alinyamaza kidogo kisha akaniambia, "Basi madaftari yasubiri." Tulichofanya hakikuwa na ustadi wowote wa kujivunia. Kifungo cha suruali kilihamishiwa juu ya tundu lililoshonwa, kikabaki pambo, na chini yake ukashonwa utepe wa kunata (velcro). Kwa nje suruali ilikuwa kama za wenzake, jambo ambalo kwake lilikuwa na uzito kuliko yote. Kufunga kifungo halisi alijifunza nyumbani, bila haraka, likizo. Najua nimesema kifungo hujifunzwa kwa kufunga kifungo. Sikusema kila kifungo ni lazima kifungwe leo.

Kundi jingine ninalolifanyia kazi sana ni watoto ambao upande mmoja wa mwili umedhoofika kwa sababu ubongo ulidhurika kabla au wakati wa kuzaliwa. Watoto hawa ni wajanja ajabu. Wana mkono mmoja mzima na wanaufanyisha kazi za miwili: meno yanafungua, magoti yanabana, kidevu kinashikilia. Mkono dhaifu unasahauliwa. Mwanasaikolojia Edward Taub aliligundua hili kwa nyani wa maabara waliokatwa mishipa ya hisi ya mkono mmoja: waliacha kuutumia kabisa, lakini mkono mzima ulipofungwa, ule mwingine ulianza kufanya kazi tena. Kutoka hapo ilizaliwa tiba ambayo mkono wenye nguvu huvalishwa glavu au banzi kwa saa kadhaa za siku ili ule mdogo, kama wazazi wengi wanavyouita, upate zamu yake.

Inafanya kazi. Pia inamuudhi mtoto kupita maelezo, na nimeshatupiwa glavu usoni. Njia ya pili, inayokaribiana nayo kwa matokeo saa za tiba zikiwa sawa, ni kumpa kazi ambazo haziwezekani kwa mkono mmoja hata ukiwa mjanja vipi. Mjini London kuna kambi ambazo watoto hawa hufundishwa mazingaombwe, kwa sababu mchawi wa jukwaani bila mikono miwili hana onyesho, na hakuna mtoto anayekataa kurudia mara hamsini kitu kitakachomshangaza shangazi yake. Ninaionea wivu akili iliyobuni hilo.

Tatizo ni wingi wa saa. Tafiti zinazungumzia makumi ya saa ndani ya majuma machache, na mimi mtoto namwona saa moja kwa wiki, kama mvua haikunyesha. Hesabu hiyo haikubali. Ndiyo maana nyumbani ndiko kwenye tiba, na kliniki ni mahali pa kukubaliana nini kifanyike. Novak huyo huyo na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba wazazi waliopewa programu ya nyumbani yenye malengo waliyoyachagua wenyewe, wakaifanya kwa wiki 8, watoto wao walisonga mbele. Walikuwa wakiifanya takriban mara 17 kwa mwezi, dakika 16 hivi kila mara. Kiwango hicho nakipenda kwa sababu ni cha binadamu. Si kila siku, na si saa nzima. Mama mwenye watoto wengine wawili na kazi anaweza kukifikia bila kugeuka nesi wa mwanawe.

Wapo pia watoto ambao hawana jina la ugonjwa ambalo jirani angelitambua. Wanamwaga, wanajikwaa, wanavaa viatu kinyume wakiwa na miaka tisa, mpira unawapita katikati ya mikono. Wanaitwa wazembe. Inakadiriwa ni watoto 5 hadi 6 kati ya 100 wa umri wa shule wenye tatizo hili la uratibu wa mijongeo, maana yake darasa la watoto arobaini linao wawili, na kwa kawaida mwalimu anawajua kwa majina kwa sababu zisizo nzuri. Kwa hawa Helene Polatajko na Angela Mandich, nao wa Kanada, walitengeneza njia ya kuwafundisha kufikiri juu ya kitendo kwa maneno manne: lengo, mpango, tenda, kagua. Mtoto anachagua lengo, anatunga mpango, anajaribu, anakagua mpango ulifaa au la. Kazi ya mtaalamu ni kuuliza maswali na kuuma ulimi.

Kuuma ulimi ni kazi ngumu. Nilikuwa na mtoto aliyetaka kuendesha baiskeli, na mimi niliona tangu mwanzo kwamba anatazama tairi la mbele. Ningeweza kumwambia. Aliyumba, akaanguka kwenye nyasi, akaamka, akasema mpango wa kukanyaga haraka haujafaa. Akajaribu kukaa mbele zaidi. Haukufaa. Bibi yake aliyekuwa amekaa kivulini alinitazama kwa jicho la kuuliza nalipwa kwa nini. Hatimaye mtoto akasema, "Nikitazama tairi naanguka." Nikamuuliza, sasa utatazama wapi? Akachagua mti ulioko mwisho wa uwanja. Ningemwambia mimi, angejua kuendesha baiskeli ile. Kwa kuwa alilivumbua mwenyewe, wiki iliyofuata aliniambia kwamba hata akibeba sinia la vikombe huwa anatazama mlango, si vikombe, na havimwagiki.

Kufikia hapa mtu anaweza kudhani kila mtoto atafika mahali pa kufunga, kuvaa na kuendesha. Hapana. Ipo ngazi ya mtindio wa ubongo, ya tano katika kipimo cha ngazi tano kilichotolewa mwaka 1997, ambayo mtoto hashiki shingo vizuri na atahitaji kubebwa maisha yake yote. Kwa huyu kitendo chenye thamani kinaweza kuwa kumeza bila kupaliwa. Watoto hawa mara nyingi hulishwa wakiwa wamelazwa, kichwa kimerudi nyuma, kwa sababu hivyo chakula kinashuka. Kinashuka kweli, ila kichwa kikiwa hivyo njia ya hewa inabaki wazi, chakula huweza kwenda mapafuni, na homa za kifua zinazojirudia hutokana na hapo. Kinachosaidia ni kumketisha: nyonga zimekunjwa, nyayo zimeungwa mkono, kidevu kimeshuka kidogo kuelekea kifuani, kijiko kinakuja kutoka mbele na chini, si juu. Na kwenda taratibu, ambalo kwa mama mwenye mlo wa saa nzima mara tatu kwa siku si ushauri mwepesi.

Kumketisha kunataka kiti, na kiti cha namna hiyo ni ghali. Bevill Packer aliyekuwa Zimbabwe alieneza ufundi wa kutengeneza viti na meza za watoto kwa makasha ya kadibodi, karatasi na gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka mpaka inakuwa ngumu kama mbao. Nimetengeneza kadhaa pamoja na wazazi. Kikikauka vizuri, mtu mzima anaweza kukisimamia, na akina baba hupenda kulithibitisha hilo wenyewe. Mtoto anapimwa, kiti kinakatwa kwa mwili wake, na akikua kinatengenezwa kingine. Mgongo wa mama nao hupona, na mgongo wa mama ni sehemu ya tiba ya mtoto.

Kinachobaki ni mazungumzo ambayo wazazi hawayategemei, yale ya kufunga faili. Wengi huingia wakiamini tiba nyingi ni bora kuliko kidogo, na kwamba mzazi mwema ni yule asiyekosa hata siku moja. Nami huwaambia mapema kwamba tutaacha. Malengo tuliyokubaliana yakifikiwa, au yakionekana si ya wakati wake, mtoto aende akaishi. Akacheze na watoto wasio na faili. Arudi pakitokea jambo jipya: anaanza shule, anahamia darasa la ghorofani, anakua.

Mwezi uliopita alirudi msichana niliyemwacha akiwa na miaka saba, yule wa glavu usoni. Sasa ana kumi na minne na ameniita shangazi, zamani alikuwa haniiti chochote. Alikuja peke yake, mama yake amebaki kazini, na alikuwa na orodha kwenye simu: kubana nywele kwa mkono mmoja na nusu, kubadilisha pedi kwenye choo cha shule ambacho hakina rafu, na sidiria. Nikamuuliza tuanze na ipi, akasema sidiria, kwa sababu hiyo ndiyo inayomfanya amwamshe mama yake kila asubuhi. Nikafunga mlango. Inazungushwa kiunoni ndoano zikiwa mbele, pale macho yanapoona na mkono mdogo unapoweza kukandamiza upande mmoja usikimbie, inafungwa, inazungushwa kwenda nyuma, ndipo kamba zinapanda, bega dhaifu kwanza.